Vituo viwili, mwanga mmoja: shajara ya mradi

Jumatatu: swali lenyewe

Mradi huu ni wa kompyuta mwanzo hadi mwisho. Sina leza, sina meza ya kuzuia mitikisiko, sina chumba cha giza. Nina Python na NumPy (lugha ya programu na maktaba yake ya hesabu), na nina swali ambalo makala nyingi za vihisi vya kwanta hulipitia juu juu: ukiwa na vituo kadhaa vya kupimia vilivyo mbalimbali, kuna faida gani kuvigawia mwanga mmoja uliofungamana (yaani vipande vyake vinahusiana kwa sheria za kwanta hata vikiwa vituo tofauti), badala ya kukiacha kila kituo kijitengenezee mwanga wake?

Kila kituo kina kitu kinachosogeza awamu ya mwanga, yaani mahali wimbi lilipofika kwenye mzunguko wake: joto, uga wa sumaku, mawimbi ya redio, mvutano kwenye faiba (uzi wa kioo unaopitisha mwanga). Hatutafuti thamani ya kituo kimoja kimoja. Tunataka kitu kinachovihusu vyote, mathalani wastani wao au tofauti kati ya huku na kule. Hapo ndipo mfungamano wa kwanta unapodaiwa kufanya kazi.

Adui ni kelele ya ombwe, mtikisiko usiokwisha hata pasipo mwanga. Mwanga wa leza, uwe safi namna gani, ukipimwa tena na tena hutoa majibu yaliyotawanyika, na mtawanyiko huo hautokani na ubovu wa vifaa. Wimbi lina pande mbili zinazopimika, nitaziita x na p, na sheria za kwanta zinakataza zote mbili ziwe tulivu kupita kiwango fulani. Zinachoruhusu ni kubana upande mmoja na kuacha wa pili uvimbe, kama godoro: ukilikandamiza hapa linafura pale. Ishara tunayoitaka ikiwa upande wa x, tunabana x na hatujali p inakuwaje.

Wazo hili si geni. Mwaka 1981 Carlton Caves alionyesha kwamba kelele ya intaferomita (kifaa kinacholinganisha mianga miwili) inaingilia kwenye mlango usiotumika, na kwamba ukiingiza humo mwanga uliobanwa badala ya ombwe tupu, kipimo kinakuwa kikali zaidi. Mwaka 1985 Richart Slusher na wenzake wa Bell Labs wakautengeneza mwanga huo kwa mara ya kwanza. Tangu 2010 kifaa cha GEO600, karibu na Hannover, Ujerumani, kinautumia kusaka mawimbi ya mvutano (graviti), na LIGO, kifaa kama hicho cha Marekani, ikauingiza kwenye uchunguzi wake ulioanza Aprili 2019. Hii ni teknolojia ya kazi, si ndoto ya ubaoni.

Kuugawa kwa vituo vingi ndiko kupya. Mwaka 2018 Quntao Zhuang, Zheshen Zhang na Jeffrey Shapiro waliandika nadharia yake. Mwaka 2020 likachapishwa jaribio la kundi la Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark: mwanga mmoja uliobanwa ukagawanywa kwa vituo vinne, na wastani wa awamu zao ukapimwa kwa ukali ambao mianga isiyofungamana isingeufikia. Mwaka huo huo kundi la Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, likafanya hivyo kwa vihisi vitatu vya mawimbi ya redio. Mimi nataka kuzikokotoa upya namba za mfumo wa namna hii mwenyewe, kisha nizivute faiba mpaka zikatike.

Jumatano: matriksi na kigawa-mwanga

Uzuri wa mwanga huu ni kwamba ni wa aina ya Gauss: majibu yake hutawanyika kwa umbo la kengele. Ukijua variansi (vipimo vya mtawanyiko) za x na p za kila kituo na jinsi zinavyohusiana, umejua kila kitu. Vituo vinane ni matriksi, yaani jedwali la namba, ya 16 kwa 16. Kompyuta yoyote inaimeza. Kelele ya ombwe nimeipa thamani 1, kila kitu kinapimwa dhidi yake.

Chanzo changu kina ubanaji wa desibeli 6 (desibeli hupima uwiano, hapa dhidi ya ombwe). Rekodi ni 15, iliyofikiwa Hannover na Henning Vahlbruch na wenzake mwaka 2016, lakini rekodi huvunjwa siku moja nzuri na meza inayofanya kazi kila siku haiishi kwa rekodi. Kwa desibeli 6, kelele ya x inashuka hadi 0.25 na ya p inapanda hadi karibu 4.

Mwanga huo nimeupitisha kwenye kigawa-mwanga (kioo kinachopitisha sehemu ya mwanga na kuakisi iliyobaki) cha nusu kwa nusu, mlango wa pili ukiwa na ombwe. Kila kituo, kikijitazama peke yake, kinaona 0.63 upande wa x na 2.49 upande wa p. Kwa mtazamo huo tumeharibu mwanga mzuri: kutoka desibeli 6 tumebaki na 2. Lakini jumlisha x za vituo vyote viwili, ugawe kwa mzizi wa mbili, na kelele ni 0.25 ile ile, haijapungua chembe. Ubanaji haukupotea, umehamia kwenye uhusiano kati ya vituo.

Kuhakikisha huo ni mfungamano halisi nimetumia kigezo cha Peres na Horodecki, kwa umbo ambalo Rajiah Simon alilipa mwanga wa Gauss mwaka 2000. Thamani ikiwa chini ya 1, vituo vimefungamana. Nimepata 0.50, sawasawa na hesabu ya mkono.

Kadiri vituo vinavyoongezeka ndivyo kila kimoja kinavyozidi kuwa kipofu. Vikiwa vinne, kituo kimoja kinaona ubanaji wa desibeli 0.9 tu, vikiwa vinane, 0.43. Anayevamia kituo kimoja na kusoma data yake anapata kelele inayokaribia ya ombwe. Jumla ya vyote bado ina desibeli 6. Na jumla hiyo haipatikani mpaka vituo vitumiane matokeo kwa njia ya kawaida, intaneti au redio, kwa hiyo anayetarajia habari ziruke haraka kuliko mwanga atafute mradi mwingine.

Jumatano usiku: wastani au tofauti, chagua

Jambo moja limenizuia kulala. Jumla ya x mbili ina kelele 0.25, lakini tofauti yake ina 1 kamili, yaani sawa na kama hatukubana chochote. Mwanga ulioandaliwa kwa ajili ya wastani hausaidii hata kidogo anayetafuta tofauti.

Dawa yake ni nyepesi: geuza awamu ya mkono mmoja, yaani njia ya kwenda kituo kimoja, nusu mzunguko, na jumla na tofauti zinabadilishana nafasi. Kundi la Arizona lilitumia uhuru huo wa kupanga upya ili vihisi vyake vipime wastani au mteremko wa uga kutoka kihisi hadi kihisi. Ukitaka vyote viwili kwa wakati mmoja unahitaji chanzo cha pili kilichobanwa kwenye mlango uliokuwa na ombwe. Kwa hiyo kabla ya kuwasha chochote sharti useme unapima nini. Hilo si kasoro ya mpango, ndio mpango wenyewe: nguvu yote imewekwa kwenye swali moja na maswali mengine yameachwa na kelele yao.

Ijumaa: mlinganisho wa haki

Leo ndiyo siku niliyoisubiri. Matangazo mengi ya mfungamano hulinganisha mwanga uliofungamana na leza ya kawaida. Hapo ushindi ni lazima, na hauthibitishi kwamba mfungamano ndio ulioshinda. Mshindani wa kweli ni vituo viwili, kila kimoja na mwanga wake uliobanwa, bila kushirikiana.

Nikimpa mshindani huyo desibeli 6 kwa kila kituo, matokeo ya wastani ni sawa kabisa, hadi desimali ya mwisho. Mfungamano haujaongeza kitu. Nasisitiza kwa sababu sijaona ikisemwa kwa sauti ya kutosha: kwa mwanga wa Gauss na kipimo cha wastani, kugawana hakukupi ukali ambao vyanzo vingi vyenye nguvu ile ile visingekupa.

Tofauti inakuja ukihesabu gharama. Mwanga uliobanwa una fotoni, chembe za mwanga, ndani yake. Desibeli 6 ni wastani wa fotoni 0.56 kwa kila modi (wimbi moja linalopimwa). Vituo viwili vikigawana bajeti hiyo bila mfungamano, kila kimoja kinapata fotoni 0.28, na hizo zinatosha ubanaji wa desibeli 4.4 tu. Vikiwa vinne, desibeli 3.2. Vikiwa vinane, 2.3. Mwanga wa pamoja unabaki na 6 vyovyote vile. Faida ya mfungamano ni hiyo: kwa bajeti ile ile ya fotoni, vituo vinavyoongezeka haviudhoofishi.

Sasa mtu atauliza, fotoni nusu ni bajeti gani? Leza ya miliwati 1 yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1550 inatoa takriban fotoni trilioni 7,800 kwa sekunde, na fotoni zote za ubanaji pembeni yake ni vumbi. Naona swali hilo ni la haki. Kuhesabu fotoni kuna maana pale kinachopimwa kinapoumizwa na mwanga, kama chembe hai chini ya hadubini, au pale mwanga wote ni hafifu. Kwingineko ningehesabu vyanzo. Chanzo cha mwanga uliobanwa ni kioo cha fuwele ndani ya kaviti (vioo vinavyorudishiana mwanga), leza ya kukisukuma, na mitambo ya kukishikilia kwenye mwafaka saa zote. Kituo kisicho na chanzo kinahitaji kipokezi na mwanga wa rejea (leza ya kulinganishia) tu. Chanzo kimoja kwa vituo vinane ni faida hata kwa asiyejali fotoni.

Kwa shajara hii nitaendelea na hesabu ya fotoni kwa kuwa ndiyo kali zaidi, lakini msomaji akumbuke kwamba hiyo ni kanuni moja tu ya mchezo.

Jumapili: faiba inakula

Mpaka hapa faiba zangu hazikupoteza kitu. Faiba nzuri ya nanomita 1550 inapoteza desibeli 0.2 kwa kilomita. Baada ya kilomita 15 nusu ya mwanga imekwenda. Na mwanga uliobanwa haupotei tu, unachanganyika na ombwe: kila fotoni inayotoka nafasi yake inachukuliwa na kelele. Sehemu inayofika nikiita η, kelele ya pamoja ni η mara 0.25, ongeza 1 toa η.

Kwa kilomita 15 kwa kila mkono, desibeli 6 zinabaki 2. Kwa kilomita 50, zinabaki 0.34. Bado ni chini ya ombwe, na itakuwa chini ya ombwe daima, kwa sababu hasara peke yake haiwezi kuifanya kelele ivuke 1. Makala nyingi zinaishia hapo na kusema njia hii inavumilia hasara. Kweli inavumilia, hasa ukiilinganisha na ile ya fotoni moja moja zilizofungamana, ambako kupotea kwa fotoni moja kunafuta jaribio zima: vituo vinane vikipoteza asilimia 10 kila kimoja, fotoni zote nane zinafika kwa asilimia 43 tu ya majaribio.

Ila mshindani wangu wa Ijumaa hatumii faiba. Anatengeneza mwanga wake palepale kituoni. Kwake hasara ya njia ni sifuri.

Nikauliza basi: faiba ikiwa na urefu gani, mwanga wa pamoja wa desibeli 6 unashuka hadi kulingana na vyanzo viwili vya pekee vya desibeli 4.4? Jibu ni kilomita 3.5 kwa kila mkono. Chanzo kikikaa katikati, vituo viko kilomita 7 kutoka kimoja hadi kingine. Kupita hapo, kila mtu na mwanga wake.

Namba hiyo ilinikatisha tamaa, nikasema nikibana zaidi, mpaka huo utasogea mbele. Nikaweka desibeli 10. Mpaka ukarudi nyuma: kilomita 1.8. Sababu ukiiona mara moja huisahau. Mwanga uliobanwa sana ndio unaoumia zaidi kwa hasara ndogo, na wakati huo huo bajeti kubwa ya fotoni inamnufaisha mshindani, maana nusu ya fotoni zake inatosha kumpa desibeli 7.7. Faiba ya kilomita mbili tu imeshakula faida yote.

Kinachosogeza mpaka mbele ni idadi ya vituo. Kwa desibeli 6 na vituo vinne, kilomita 8.0. Kwa vinane, kilomita 13.2. Bajeti ya mshindani inazidi kukatwa vipande na mwanga wa pamoja unazidi kuonekana bora. Basi mfumo huu si wa vituo viwili vilivyo mbali sana. Ni wa vituo vingi vilivyo karibu kiasi, kama vihisi vilivyotawanywa kwenye jengo, daraja au eneo la kiwanda. Nilipoanza nilikuwa nawaza mabara.

Vipokezi navyo vina hasara. Nimeviwekea ufanisi wa asilimia 95 pande zote mbili, nikitarajia mpaka usogee. Haukusogea hata mita moja. Hasara ya kipokezi inaangukia pande zote kwa kipimo kile kile, kwa hiyo inapunguza faida bila kugusa mahali inapoishia.

Wanaotaka umbali mkubwa wanatazama njia nyingine. Daniel Gottesman, Thomas Jennewein na Sarah Croke walipendekeza mwaka 2012 darubini zilizo mbali ziunganishwe kwa mfungamano unaosafirishwa na virudishi vya kwanta, yaani vituo vya njiani vinavyounganisha vipande vifupi vya mfungamano kuwa kirefu. Mwaka 2022 kundi la Oxford lilifungamanisha saa mbili za ioni za strontiamu zilizokuwa mita 2 hivi kutoka moja hadi nyingine. Mita 2! Na yalikuwa mafanikio makubwa yaliyostahili kusifiwa. Virudishi vikikamilika, namba zangu za kilomita zitakuwa za kihistoria.

Jumanne: awamu inayoyumba

Hasara si adui pekee. Ili upime x na si p, mwanga wa rejea kituoni lazima ujue x iko upande gani. Ukiyumba kidogo, unachungulia kwenye p iliyovimba.

Nimeweka mtetemo wa awamu wa nyuzi 5 za pembe, wastani wa kimraba, vituo vyote vikiyumba pamoja. Desibeli 6 zinashuka hadi 5.5, si neno. Desibeli 10 zinashuka hadi 7.6. Halafu desibeli 15, rekodi ya dunia, zinashuka hadi 5.7, karibu sawa na chanzo changu cha kawaida. Kwa mtetemo huo ubanaji bora kuliko wote ni desibeli 10.6, kila desibeli unayoongeza baada ya hapo inakurudisha nyuma. Pesa za kununua chanzo kikali zaidi ni heri zitumike kushikilia awamu.

Nikarudi kwenye mpaka wa Jumapili. Mtetemo wa nyuzi 2 kwenye mwanga wa pamoja pekee, mshindani akiwa ametulia, unapunguza kilomita 3.5 kuwa 3.4. Nyuzi 5 zinaifanya 2.7. Kwa chanzo cha desibeli 10 nyuzi 5 zinafuta mpaka kabisa: hata faiba ikiwa ya urefu sifuri, mshindani anashinda. Nimempendelea kidogo, kwa sababu naye ana mitetemo yake, lakini mtetemo wa faiba ndefu ni mnyama mwingine. Joto likibadilika nyuzi 1 ya Selsiasi, njia ya mwanga kwenye kilomita moja ya faiba inabadilika kwa sentimita 1 hivi, yaani maelfu ya urefu wa wimbi. Hakuna anayeiacha faiba hiyo bila kuifuatilia. Mwanga wa rejea hupitishwa humo humo, au ishara ya majaribio huelea karibu na masafa ya mwanga uliobanwa, na mitambo ya kurekebisha hukimbizana nayo mfululizo.

Habari njema ndogo: vituo vikiyumba kila kimoja kivyake badala ya pamoja, uharibifu unagawanyika. Desibeli 6 zinashuka hadi 5.7 badala ya 5.5.

Alhamisi: saa

Fupi leo. Mwanga kwenye faiba unatumia mikrosekunde 5 kwa kilomita. Kituo kilicho kilomita 3 na kingine kilicho kilomita 5 vinapokea vipande vya mwanga mmoja kwa tofauti ya mikrosekunde 10, na x zake zikijumlishwa bila kusahihisha hilo, unajumlisha mianga ambayo haijawahi kukutana. Urefu wa faiba ukikosewa kwa mita moja tu, kwa ishara ya megahezi 5, awamu inateleza nyuzi 9. Nimeongeza safu ya ucheleweshaji kwenye programu. Hii ndiyo sehemu ambayo makala haziijali na ambayo mhandisi wa mtandao angeianza nayo.

Nimejaribu pia njia ya kubahatisha namba badala ya matriksi, kuona kama majibu yanakubaliana. Yanakubaliana, lakini ukichukua sampuli 10,000 variansi inayumba kwa asilimia 1.4, karibu desibeli 0.06. Ukitaka kuona tofauti ndogo kuliko hiyo nenda kwenye sampuli milioni, au rudi kwenye matriksi. Nimerudi kwenye matriksi.

Jumamosi: mkono mfupi na mkono mrefu

Vituo halisi havikai kwenye duara. Nimeweka kimoja kilomita 1 kutoka kwenye chanzo na kingine kilomita 10. Cha karibu kinapokea asilimia 95 ya mwanga wake, cha mbali 63. Swali: kigawa-mwanga kiwe cha nusu kwa nusu, au tupendelee upande mmoja?

Wengi watasema mpe wa mbali zaidi, kwa kuwa ndiye anayepoteza. Hesabu inasema kinyume. Mgawanyo bora unafuata kile kinachofika: asilimia 60 kwa kituo cha karibu na 40 kwa cha mbali. Fotoni inayotumwa mbali ina nafasi kubwa ya kugeuka kelele njiani, na ile inayobaki karibu inafanya kazi. Kwa mgawanyo huo wastani unapimwa kwa desibeli 3.91 chini ya ombwe. Ukiupindua, 60 kwa cha mbali, unapata 3.66.

Na nusu kwa nusu? 3.85. Tofauti na mgawanyo bora ni desibeli 0.07, chini ya kile ambacho vipimo vingi vya meza vitaweza kuonyesha kwa uhakika. Kwa mikono ya urefu tofauti kiasi hiki, kigawa-mwanga cha kawaida kinatosha, na muda wa kutafuta kioo cha 60 kwa 40 uende kwenye kushikilia awamu.

Jambo jingine limejitokeza humo humo bila kutafutwa. Ukigawa kwa uwiano bora, kinachoamua matokeo ni wastani wa η za mikono yote. Hivyo namba za Jumapili zinaweza kusomwa hata kwa vituo visivyolingana: kwa vituo viwili na desibeli 6, wastani wa mwanga unaofika ukiwa juu ya asilimia 85, gawaneni; ukiwa chini, kila mtu atengeneze wake. Kwa vinne kizingiti ni 69, kwa vinane ni 54. Mfano wangu wa leo una wastani wa 79. Kwa vituo viwili hivyo haupiti. Kituo cha kilomita 10 kipewe chanzo chake. Ukiongeza vituo viwili vyenye faiba kama hizo hizo, kizingiti kinashuka hadi 69 na mwanga wa pamoja unashinda tena, pamoja na mkono mrefu.